Kaliba ya bunduki ya upepo: 177 au 22?

MWANAIDI: Karibuni tena. Msikilizaji wetu mmoja yuko Uingereza, amekodi kipande cha bustani, ana kuku, na panya wanamlia pumba usiku kucha. Kaenda kununua bunduki ya upepo, muuzaji kamuuliza: 177 au 22? Akabaki kimya. Kaka Juma, mtoe tongotongo.

JUMA: Hata mimi niliduwaa hivyo hivyo! Hizo ni sehemu za elfu na za mia za inchi. 177 ni milimita 4.5, na 22 ni milimita 5.5. Upana wa risasi tu.

MWANAIDI: Yaani milimita moja ndiyo mnayogombania huko kwenye klabu yenu ya kulenga shabaha?

JUMA: Dada, kuna wazee hawasalimiani! Chanzo ni sheria. England na Wales, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti, nguvu ya risasi ikitoka mtutuni haitakiwi kuzidi futi-pauni 12, kama jouli 16. Kwa hiyo nguvu ni ile ile, ila mzigo ndio tofauti. Risasi ya 177 ina nusu gramu hivi, ya 22 ina gramu moja. Ndogo inatoka mtutuni kwa mita 240 hivi kwa sekunde, kubwa kwa 175.

MWANAIDI: Bodaboda mbili injini moja, ila moja imebeba gunia la mkaa.

JUMA: Na yenye gunia inachelewa kufika, na huku inashuka. Mimi nilianza na 22. Nimeirekebisha darubini ya kulengea ipige sawasawa kwa mita 25, nikapanga makopo bila kupima, kumbe yako mita 35. Risasi zote udongoni! Nikailaumu darubini wiki nzima.

MWANAIDI: Ndiyo maana mimi ni wa 177. Ukikosea kukadiria umbali, inakusamehe kidogo. Hata Olimpiki, kwenye mita 10, wanatumia 4.5, na ile alama ya kumi katikati ya shabaha ni kitone cha nusu milimita.

JUMA: Karatasi haina mfupa, dada. Panya unataka afe pale pale, asikimbilie chini ya banda akaoze humo. Risasi pana na nzito inampiga vizuri zaidi. Waingereza wana usemi wao, 22 kwa manyoya ya sungura, 177 kwa manyoya ya ndege.

MWANAIDI: Kwetu yote ni manyoya, usemi wenyewe unakufa hapo hapo.

JUMA: (anacheka) Haya. Lakini bandani anapiga mita ngapi? Nane, kumi. Hapo kushuka kwa risasi si hoja. Kinachomponza ni darubini kukaa juu ya mtutu, sentimita nne hivi. Panya akiwa karibu sana, risasi inapita chini ya pale unapolenga. Watu wengi hawaambiwi hilo, wanakosa mita sita halafu wanarudisha bunduki dukani.

MWANAIDI: Afanyeje?

JUMA: Aweke karatasi mita tano, nane, kumi na mbili, apige tano tano, aandike kila umbali inagonga wapi. Na nyuma ya panya kuwe na udongo au mbao nene. Risasi ikigonga jiwe inarudi, haijali wewe ndiye mwenye kuku.

MWANAIDI: Kwa hiyo, kwa banda hilo?

JUMA: 22. Angekuwa anafukuza njiwa mita 35, ningekupa ushindi.

MWANAIDI: Nimeupokea hivyo hivyo. Ila ngoja, kasema yuko "Uingereza". Sisi Waswahili tukisema Uingereza tunaweka hata Glasgow.

JUMA: Lo! Kama ni Scotland, tangu tarehe 31 Desemba 2016 lazima awe na cheti cha polisi, hata kwa hii ya nguvu ndogo. Hakutaja mji?

MWANAIDI: Hakutaja. Namwandikia sasa hivi, kabla hajarudi dukani.