Bwawa la Ndoano Huanza na Udongo

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Waliowahi kufika jana waliniona kule chini, karibu na migomba, na jembe mkononi. Kile kishimo cha kina cha kiuno tulikijaza maji pomoni asubuhi. Jioni yalikuwa yameshuka, tukayajaza tena, tukakifunika kwa majani ya mgomba. Nitakirudia.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutengeneza bwawa la wavuvi wa ndoano. Kila nikiitwa shamba la mtu hapa Nakuru, swali la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, tuweke samaki gani?" Vibanda vimeshachorwa, hata bei ya kiingilio imeshapangwa. Namuuliza, umechimba kishimo? Hajachimba. Basi hatujaanza!

Chukua konzi ya udongo wa chini, si huu wa juu wenye mizizi. Uloweshe, ufinyange donge, lirushe juu ulidake. Likimeguka mkononi, mchanga ni mwingi. Likibaki zima, endelea na kishimo kama kile cha jana, ukijaze maji uone kama ardhi inayashika, kwa sababu donge linakuonyesha konzi moja tu, na ardhi ina tabaka nyingi.

Najua kuna anayesema moyoni, si nitatandika plastiki nimalize? Kwa kufuga samaki, tandika. Lakini hapa unaita watu wasimame ukingoni na ndoano zenye ncha, wengine na watoto wao. Plastiki iliyolowa inateleza. Mtoto akiingia hana pa kushika, na mtu mzima anayemfuata naye hana. Mimi siipendekezi, na sitaipendekeza.

Sasa tuta. Kwatua majani na mizizi yote mahali litakapokaa. Chimba mfereji katikati, kuanzia mwanzo wa tuta hadi mwisho, mpaka ufikie mfinyanzi, halafu uujaze mfinyanzi na kuushindilia. Panda juu kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu, si tope wala vumbi. Upande wa maji, kwa kila mita moja ya kwenda juu, ulaze mita tatu.

Halafu bomba la kutolea maji. Hapa nivumilieni.

Bwawa langu la kwanza nililijenga kwa haraka, mvua ikitukimbiza. Tulilaza bomba, tingatinga likamwaga udongo juu yake, tukaendelea. Hakuna aliyeinama kushindilia kwa mkono chini ya lile bomba. Bwawa likajaa, likapendeza. Asubuhi moja nikaona maji yakichuruzika ubavuni mwa bomba, kule nje. Yalikuwa safi, hayana tope, nikasema ni jasho la tuta tu. Siku ya tatu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndugu zangu, maji ya rangi ile yanabeba tuta lenyewe kutoka ndani, chembe kwa chembe. Adhuhuri tundu lilimeza mkono wangu hadi kiwiko. Jioni perege walikuwa wakipapatika kwenye tope na watoto wakiwaokota kwa mabeseni. Kule chini hakukuwa na nyumba. Hilo tu ndilo lililoniokoa.

Kule Solai, humu humu Nakuru, kulikuwa na nyumba. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya masika, bwawa lilipasua ukingo na watu zaidi ya 40 wakafa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba bwawa la starehe ni jambo dogo. Bomba livishwe kola za zege ili maji yasifuate ubavu wake, na udongo unaolizunguka ushindiliwe kwa mkono. Kando ya tuta, kwenye ardhi isiyochimbwa, weka mkondo mpana wa kumwaga maji ya mafuriko. Usiuzibe kwa wavu eti samaki wasitoroke. Takataka zikinasa pale, maji yatapita juu ya tuta. Miti isipandwe juu ya tuta: mzizi ukioza unaacha tundu. Na kabla ya yote, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na cha NEMA, mamlaka ya mazingira.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo samaki nitawapitia mbio. Perege huzaana upesi mno. Usipoweka madume matupu, au samaki mla wenzake, utavua vidagaa vya ukubwa wa kidole. Trauti, aliyeletwa mito ya Aberdare mwaka 1905, anataka maji baridi, usimlazimishe huku chini. Kamongo na kapu, yule samaki Waingereza wanamwita "carp", nawaomba muwaache: kapu anachimbua tope mpaka maji yote yanachafuka. Ukingo uwe na vidaka na ncha, usiwe mstatili kama kaburi. Kina kianze kidogo, kifike mita mbili au tatu. Na nyuma ya mvuvi pawe wazi, maana ndoano hupita nyuma ya mgongo wake kabla ya kwenda mbele.

Maswali tutayajibu tukitembea. Mmoja wenu achukue ile fimbo niliyoitia alama. Twendeni tukafunue yale majani ya mgomba tuone maji yamebaki kiasi gani.