Sasa Unakimbia kwa Kulipwa, Unalipwa Ngapi?

Hamjambo watu wangu. Leo sikupanga kuwasha kamera, nimetoka mazoezi sasa hivi. Lakini swali ni lile lile chini ya kila video: "Dada, siku hizi wewe ni mwanariadha wa kulipwa, unalipwa ngapi?" Nikinyamaza, mnasema naficha. Nikijibu, mmoja atasema najigamba, mwingine atasema nalialia na yeye hana hata nauli ya matatu. Basi najibu.

Sina mshahara. Nina mkataba na kampuni ya viatu, na mkataba wenyewe unanikataza kutaja kiasi. Ninachoweza kusema ni kwamba nikiumia nikakosa mbio kadhaa kwa mwaka, kiasi hicho kinakatwa. Zilizobaki ni pesa za mbio. Mnatazama Diamond League kwenye runinga, yale mashindano ya riadha ya kulipwa ya ngazi ya juu: mwaka 2025, duru ya kawaida, mshindi wa mbio nyingi alichukua dola 10,000 na wa nane dola 1,000. Mimi mita 1,500 natumia dakika 4 na sekunde 7, kwa hivyo huko bado siitwi. Naitwa mashindano madogo ya Ubelgiji na Italia. Nikimaliza wa nne, napata ya kulipa kodi ya nyumba mwezi mmoja hapa Flagstaff, Arizona, na nyumba yenyewe tunaishi wanne. Meneja ana asilimia 15 yake. Nikikimbia hapa Marekani, sisi wageni tunakatwa ushuru wa asilimia 30 kabla pesa haijafika mkononi. Halafu unangoja majibu ya vipimo vya dawa yatoke ndipo ulipwe. Miezi miwili, mitatu.

Lakini afadhali pesa. Karatasi ndizo zimenichosha. Chuoni nilikuwa na viza ya mwanafunzi. Tangu Julai 2021 wenzangu Wamarekani waliruhusiwa kulipwa kwa majina yao, wakatangaza vinywaji na nguo. Mimi nilikuwa nawapita uwanjani, na viza yangu hainiruhusu hata kuuza fulana. Nilipomaliza, ikabidi nitafute ile ya wanamichezo, P-1. Wakili peke yake, dola 4,000.

Mwaka jana nikaalikwa Ubelgiji, mbio nilizozingoja msimu mzima. Pasipoti ikakaa kwenye ubalozi mmoja wiki tano. Ilirudi Jumatatu, viza imebandikwa vizuri kabisa. Mbio zilikuwa Jumamosi iliyotangulia. Nilikaa kwenye ngazi za posta nikalia. Sikuiweka mtandaoni siku hiyo, ndiyo maana mnajua picha za uwanjani tu.

Na kuna mtu wa kwetu, simtaji, aliandika: "Tulimchangia nauli, ametusahau." Hiyo iliniuma sana. Harambee ile naikumbuka yote. Kuna mama alileta jogoo, akapigwa mnada mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Mwaka wangu wa pili nilipata kazi ya kuosha vyombo kantini ya chuo, saa 20 kwa wiki, ndizo viza inaruhusu. Kwa pesa hiyo nimelipa karo ya watoto wawili wa yule mama. Mmoja ameshamaliza kidato cha nne. Sikutaka kulisema hapa. Nimelisema kwa sababu umenisukuma.

Sasa wadogo zangu wa Iten na Kapsabet, mnaouliza mje chuo huku au mbaki kambini. Nawaambia yangu tu, kila mtu na mwili wake na bahati yake. Emmanuel Korir alikuja Texas, akafundishwa na Paul Ereng, yule wa dhahabu ya Seoul 1988. Mwaka 2017 akaacha mbio za chuo akaanza za kulipwa, na kwenye Olimpiki ya Tokyo akachukua dhahabu ya mita 800. Emmanuel Wanyonyi hakupitia chuo cha huku, na Olimpiki ya Paris 2024 alishinda mita hizo hizo kwa 1:41.19, akimzidi Marco Arop kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Jambo ambalo mimi sikuambiwa ni hili: nyumbani polisi, magereza na jeshi huajiri wanariadha, na mshahara unaingia hata mwezi ambao hukukimbia. Huku goti langu lilipovimba, hakuna pesa ya mbio iliyoingia. Ila nina digrii ya uhasibu, na hiyo siijutii hata kidogo.

Mnaosema miaka 25 nimechelewa, mtazameni Lilian Odira. Septemba 2025, mashindano ya dunia Tokyo, miaka 26, mama wa watoto wawili, dhahabu ya mita 800 kwa 1:54.62. Alivunja rekodi ya mashindano hayo iliyokuwepo tangu 1983.

Nakuja mwezi ujao kwa majaribio ya timu ya taifa, nauli nimejilipia. Mahojiano ya viza Nairobi ni siku nne baada ya fainali, na nisipopata viza mpya sirudi huku kumalizia msimu. Nimeamua kuja hivyo hivyo. Mama, najua unanitazama kwa simu ya Kipkoech. Usije na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, uwanja wa ndege Eldoret, hiyo ni ya mwenye medali. Njoo uwanjani, ukae kwenye kona ya mwisho, uniite kwa sauti.