Kabla ya Kulilia Namba Moja, Upo?

Haya, huko nyuma mnanisikia? Poa. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Saiti ya kwanza niliyomtengenezea mtu kwa hela nilihangaika nayo karibu miezi miwili, nabadilisha maneno, nabadilisha picha, na Google haileti hata mgeni mmoja, mteja ananipigia simu mi namwambia vuta subira bosi haya mambo yanataka muda. Siku moja naingia kwenye setingi nakuta kale kaboksi ka kuziambia injini za kutafuta zisiiweke saiti hii kwenye matokeo, na tiki ipo. Niliiweka mwenyewe wakati najenga, nikasahau kuitoa. Miezi miwili!

Ndo maana mtu akiniuliza nifanyeje niwe namba moja kwenye Google, mi namuuliza kwanza, upo? Nenda Google uandike site, nukta mbili, halafu anwani ya saiti yako bila kuacha nafasi. Kurasa zikija, upo. Kisipokuja kitu, hayo mambo ya namba moja tuyaweke pembeni kwanza. Maana ukiangalia kazi yenyewe ina hatua tatu, roboti, yaani programu ya Google, inapita inasoma kurasa kwa kufuata linki, halafu kurasa zinawekwa kwenye indeksi, yaani ghala la kurasa inazozijua, halafu mtu akitafuta kitu ndo zinapangwa, na wengi wetu tunagombania hiyo ya tatu wakati tumekwama kwenye ya kwanza. Funguni Search Console, chombo cha Google kwa wenye saiti, ni bure, itakuambia ukurasa gani umeingia na upi haujaingia na kwa nini.

Na hapa kuna kitu kinawachanganya hata watu wa kazi. Lile faili la robots.txt, linalokaa kwenye saiti kuziambia roboti zisipite wapi, haliufichi ukurasa. Linaikataza roboti kuusoma, basi, lakini saiti nyingine ikiwa na linki ya kuja hapo, anwani yako bado inaweza kutokea kwenye matokeo, tena bila maelezo yoyote, inakaa tu kama mgeni asiye na jina. Ukitaka usionekane kabisa weka noindex, agizo la kusema usiniweke kwenye indeksi, kwenye ukurasa wenyewe, na ukishaweka usiuzuie tena kwenye robots.txt, kwa sababu roboti isipoingia ndani hiyo noindex itaisomea wapi?

Sasa tuseme upo. Taito. Mi kama nina saa moja tu kwenye saiti ya mtu, dakika arobaini nazimalizia kwenye taito, yale maandishi ya bluu ambayo mtafutaji anayabonyeza. Utakuta saiti ina kurasa thelathini na zote zinaitwa Nyumbani au Karibu, jamani nani duniani anakaa anatafuta neno karibu? Chukua fundi bomba. Ukurasa kauita Suluhisho Bora za Mifumo ya Maji, anajisikia fahari kabisa, ila mtu ambaye jiko lake limejaa maji saa sita usiku haandiki hivyo, anaandika bomba linavuja nifanyeje. Basi uite Bomba Linavuja: Namna ya Kulifunga Kabla Fundi Hajafika, na ndani umwambie kweli valvu iko wapi inazungushwa upande gani, usimzungushe kwa aya tatu za kujisifia. Kila ukurasa taito yake, na swali moja unalolijibu vizuri. Hayo maneno ya watu hutayaotea kichwani, yapo humohumo kwenye Search Console, na yapo kwenye simu na meseji wanazokutumia wateja.

Naona mkono. Dada anauliza, na ile tagi ya maneno muhimu (keywords) tunayojaza kwenye kodi za ukurasa, yale maandishi ya kuujengea? Iache. Google walisema wenyewe mwaka 2009 kwamba kwenye kupanga matokeo hawaitumii, na bado leo kuna watu wanalipisha hela kuijaza. Vilevile kurudia neno moja mara hamsini kwenye ukurasa, hiyo ni njia ya haraka ya kumchosha msomaji na kujionyesha kuwa ni spamu.

Linki nazo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google, wazo lao lilitoka kwenye mambo ya wasomi, andiko linalotajwa na maandiko mengi linahesabika zito, na likitajwa na lililo zito lenyewe linazidi uzito. Kwenye mtandao linki ndo ikawa kutajwa huko, na hesabu yake wakaiita PageRank. Watu wakaona aa, kumbe, wakaanza kununua linki kwa mafungu, mpaka mwaka 2012 Google wakaleta badiliko linaloitwa Penguin, likazishusha saiti kibao ndani ya siku chache. Kwa hiyo mtu akikutumia imeili anakuuzia linki elfu moja, futa. Anza na zako za ndani, ambazo hata hazikugharimu kitu, ukurasa wa bomba uelekeze kwenye ukurasa wa tanki, na maandishi ya linki yaseme kinachofuata, sio "bonyeza hapa".

Spidi nitapita haraka. Kipimo cha Google ni kwamba kile kitu kikubwa kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na mara nyingi kinachochelewesha ni picha, mtu kaitoa kwenye kamera ina megabaiti sita kaipandisha hivyohivyo. Ipunguze kabla. Angalia saiti kwenye simu, sio kwenye hiyo skrini yako kubwa, na HTTPS, ile kufuli ya usalama kwenye anwani, kama huna weka leo. Ila usikeshe kutafuta alama 100 kwenye vipimo vya spidi, ukurasa mwepesi usiojibu kitu bado haujibu kitu.

Swali la mwisho, inachukua muda gani? Badiliko lingine linaonekana baada ya masaa, lingine miezi kadhaa, kwa hiyo badilisha kitu, andika tarehe, kaa wiki chache ndo uangalie tena. Anayekuahidi namba moja kwa siku saba anakuibia.

Haya, fungueni laptopu. Site, nukta mbili, anwani yako. Wewe wa mbele, zimekuja ngapi? Sifuri? Njoo hapa, tuanze na kale kaboksi.