Chumba cha futi tisa: Lamu na uchumi wa dunia

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioko nyuma sogeeni basi, mike hii ni ya kuazima na yakwaruza. Mada nimepewa jiografia ya jamii na uchumi, jina refu, tusiliogope. Nimempa kijana hapa tepu apime upana wa chumba. Ngapi? Futi tisa na kitu. Haya, mwenye nyumba hii alikuwa na pesa zake, tazameni zidaka hizo, tazameni nakshi za mlango, sasa mbona akajenga chumba kirefu kama ushoroba halafu upana futi tisa tu?

Jibu liko juu ya vichwa vyenu. Angalieni darini. Hizo boriti ni mikoko, na boriti ikizidi urefu huo haibebi tena uzito wa mawe na chokaa, kwa hivyo fundi alifuata mti, mti haukumfuata yeye. Nyumba za zamani za Oman, Bahrain, Kuwait, vyumba vyao vyembamba hivihivi, na kule msitu wa kukata boriti hakuna, zao zilitoka huku kwetu. Majahazi yalikuja na kaskazi yamejaa tende na chumvi na mazulia, yakangoja pepo zigeuke, kusi ikianza yakarudi na boriti zimehesabiwa kwa korja, korja moja boriti 20. Mtu alikata mti hapa akiwa magotini kwenye tope, na mti ule ukaamua upana wa chumba cha kulala cha mtu mwengine Kuwait. Huo ndio uchumi wa dunia, haukuanza na kontena.

Halafu miaka ya 70 pesa za mafuta zikaingia Ghuba, watu wakajenga kwa chuma na simiti, chumba futi ishirini ukitaka. 1982 serikali ikapiga marufuku kupeleka boriti nje. Wengi hapa mwalaumu marufuku peke yake, mimi naona mnunuzi alikuwa ashaanza kwenda zake. Mikoko haikuhama, Lamu haikuhama, upepo ni uleule, lakini Kuwait ikawa mbali ghafla. Umbali kwenye somo hili hatuupimi kwa maili, twaupima kwa gharama, na muda, na kama kuna mtu upande wa pili anayekihitaji ulichonacho.

Mfano wa haraka. 1956 Mmarekani Malcom McLean, mtu wa malori, alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X kutoka Newark kwenda Houston. Kupakia tani moja kwa mikono ya makuli kulikuwa dola 5.86, kwa kontena ikashuka senti 16. Ramani haikuguswa, lakini miji ya pwani iliyokosa kina na kreni ikabaki pembeni, na ile iliyo navyo ikavuta kila kitu.

Sasa ndio mtasema, mwalimu, si tuna bandari sasa. Ndio, LAPSSET, ule mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ilizinduliwa Machi 2012, gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021, mpango ni gati 32. Lakini bandari bila bara nyuma yake ni ukuta tu baharini, inataka barabara, inataka mzigo. Uganda mwaka 2016 iliamua bomba lake la mafuta liende Tanga, kilomita 1,443, na mafuta yale ni mazito yanaganda kama samli ya baridi, lazima bomba lipashwe moto njia nzima, hivyo gharama na usalama wa njia vikahesabiwa kilomita kwa kilomita na Lamu ikaachwa. Huku nyuma wavuvi wetu washapoteza maeneo yao ya kuvua kwa ujenzi wa bandari, mpaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Yaani faida ya mahali huhesabiwa kwa kanda nzima, hasara humwangukia mtu mwenye dema lake, mtego wake wa samaki, palepale Kililana bandari ilipojengwa, na hili mimi huwa nalitia kwenye mtihani.

Eeh, mzee wangu? ... Mzee aniuliza, mwanawe ajenga nyumba kule Langoni vyumba futi kumi na nne, je huyo kaukimbia mkoko au kaukimbia umaskini? Hahaha, swali kubwa hilo. Mimi nasema kabadilisha bwana tu, zamani alimngoja mkata boriti, sasa amngoja mwenye lori.

Basi kazi ya Jumamosi ijayo ni hii. Kila mmoja aende duka la hadwea aulize mfuko mmoja wa simiti umenunuliwa bei gani kiwandani, lori mpaka Mokowe ngapi, mashua kuvuka ngapi, kuli wa gati ngapi, na punda kutoka gatini mpaka mlangoni ngapi. Andikeni kila kituo peke yake, msijumlishe kwanza. Nashuku hiyo safari fupi ya mwisho, mashua na punda, kwa kila kilomita itazishinda zote kwa ughali. Adhana hiyo, twende tukaswali.