Soma kwa Sauti Kwanza, Ndipo Ununue

Walimu wa chekechea, wazazi, mtaniwia radhi, leo tena naanza na ile -ka- ya kusimulia, ya "akaenda, akafika". Najua wapo waliokwisha kunisikia. Lakini vitabu vya hadithi vya kuwasomea watoto navyo bado vinaandikwa vilevile.

Ukishika mkusanyiko wa hadithi dukani, achana na jalada. Hadithi ya kwanza nayo iruke, maana mhariri huweka mbele ile anayojivunia. Fungua katikati, usome ukurasa mmoja kwa sauti, papo hapo, muuzaji akutazame atakavyo. Sikiliza vitenzi. "Sungura alikwenda kisimani. Alimkuta Fisi. Alimuuliza habari." Hayo ni maelezo ya shahidi kituo cha polisi! Kila -li- inafunga breki, safari inaanza upya. Msimuliaji husema: "Sungura huyo, akaenda, akafika kisimani, akamkuta Fisi kajiinamia." Ile -ka- inamshika mtoto mkono, anajua kuna linalofuata. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu, alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, alikuwa amezinakili kutoka vinywani mwa wenyeji, na kurasa zake zimejaa -ka-.

Hapohapo pana mtego mwingine, na ndio unaoziua hadithi nyingi za kutafsiriwa. Katika Kiswahili kitenzi cha Sungura huanza na a-, Fisi ni a-, bibi ni a-, na babu ni a-. "Akamwambia kwamba amemwona akimwibia." Nani kaiba? Wewe msomaji unarudisha jicho mstari wa juu. Mtoto aliye mkekani hana pa kurudi. Atauliza, au vibaya zaidi hatauliza, ataanza kumvuta mwenzake nywele, nawe utasema huyu mtoto hatulii. Mkusanyiko mzuri hurudia jina bila haya, au huwaacha wahusika waseme wenyewe: "Fisi, umeniibia!" Ukikwama hivyo mara tatu katika ukurasa mmoja, rudisha kitabu rafuni. Kama umeshalipa, chukua penseli, andika jina juu ya kila kitenzi chenye utata kabla hujakaa na watoto. Ni kazi ya dakika 10 kwa hadithi.

Kuna watakaosema kurudiarudia jina ni uandishi duni. Katika insha ya kidato cha nne, sawa. Na wapo wahariri wanaofuta tanakali za sauti kwa kuziona za kitoto. Sasa tunamsomea nani, jaji? Jiwe likaanguka majini chubwi, sakafuni pa, mchangani tifu! Mtoto wa miaka 3 huenda hajui sakafu ni nini, lakini hilo tifu atalisema pamoja nawe, na kesho atalidai.

Wimbo uwemo, na maneno yake yote yawe yameandikwa. "Kisha ndege akaimba wimbo wake," halafu wimbo wenyewe haupo! Hapo umepewa mchuzi, nyama kabaki nayo mpishi. Urudi angalau mara tatu: ya kwanza watoto wanasikiliza, ya pili wanabahatisha, ya tatu wanakunyang'anya.

Urefu, harakaharaka. Hadithi ya maneno 400 hadi 500, ukisoma polepole na kuwaachia nafasi ya kuitikia, ni kama dakika 5. Inawatosha wa miaka 3 na 4. Abunuwasi asubiri: ile sufuria yake iliyozaa, kisha ikafa, haichekeshi mpaka mtoto ajue kuwa sufuria haizai na aitambue tamaa ya jirani. Darasa la pili hivi.

Zimwi mnaniulizia kila mara. Libaki. Kagueni mwisho tu: likishapasuliwa tumbo, waliomezwa watoke wote. Hadithi inayomwacha mmoja ndani, mtaamshwa nayo usiku.

Kuhusu picha nilikuwa na mengi, muda umeniishia. Shikeni moja: picha ikae kwenye ukurasa wa tukio lake. Ikitangulia, watoto wameshamwona Sungura katoka shimoni, na wewe hata hujamtumbukiza.