Kumpita Unayemuiga: Kijapani kwa Aliyekwisha Kuanza

ZAINABU: Karibu msikilizaji. Leo hatuanzi na hiragana, herufi za mwanzo za Kijapani. Tunaongea na wewe ambaye tayari unasoma Kijapani na una mtu unayemtazama: mwalimu wako, mwenzako aliyetangulia, au yule wa kwenye video anayeongea hadi Wajapani wenyewe wanageuka. Utampitaje? Kaka Musa, wengi hata kulisema hilo wanaona ni utovu wa adabu.

MUSA: Hasa kama mtu mwenyewe ni mwalimu. Lakini Wajapani wanayo sifa maalumu kwa jambo hilo, *shutsuran no homare*, anayopewa mwanafunzi aliyempita mwalimu wake. Imetokana na usemi wa kale wa Kichina, kwamba rangi ya buluu hutoka kwenye mnili na bado huwa buluu kuliko mnili wenyewe. Kwa hiyo aibu tuiweke kando.

ZAINABU: Tuanze na wanaojulikana. Yang Yi alizaliwa Uchina mwaka 1964, akaenda Japani akiwa mtu mzima, na mwaka 2008 akashinda Tuzo ya Akutagawa, moja ya tuzo kubwa kabisa za fasihi huko. Alikuwa wa kwanza kuishinda ambaye Kijapani si lugha yake ya kuzaliwa. Mwaka 2021 akaipata Li Kotomi wa Taiwan. Na Waafrika tunaye Oussouby Sacko wa Mali, aliyesoma Uchina kwanza, kisha Chuo Kikuu cha Kyoto, akawa rais wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika kuanzia 2018 hadi 2022.

MUSA: Na hawafanani hata kidogo. Wale wawili wa kwanza unawatazama kwa kuandika. Sacko unamtazama kwa kuendesha kikao na kutetea hoja mbele ya maprofesa. Ukisema tu "nataka kumpita fulani", huna pa kuanzia. Sema nataka kumpita fulani katika matamshi, au kasi ya kusoma, au barua za kazini. Chagua stadi moja, uifanyie kazi miezi mitatu.

ZAINABU: Na mtu mwenyewe asiwe mbali mno. Aliye N4, daraja la pili kutoka chini katika mtihani wa Kijapani wa JLPT, akimuiga mtangazaji wa habari katika kila kitu atachoka. Amchukue aliye hatua moja au mbili mbele.

MUSA: Hapo tutofautishe, dada Zainabu. Kwa ratiba na nidhamu, sawa, muige mwanafunzi aliyekutangulia kidogo. Kwa sauti, hapana. Matamshi yachukue kwa Mjapani tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi mwenzako anayezungumza Kiswahili ana makosa yaleyale uliyonayo wewe, na kwa sababu mnafanana, sikio lako halitayakamata.

ZAINABU: Kabla ya sauti, tumalize la vyeti, maana watu wanamtukuza mtu kwa kuwa ana N1, daraja la juu kabisa. Mtihani wa JLPT daraja la N1 una alama 180. Kufaulu ni 100, mradi kila sehemu kati ya zile tatu usishuke chini ya 19 katika 60. Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna kuongea, hakuna kuandika sentensi hata moja.

MUSA: Kwa hiyo mwenye N1 anaweza kuwa msomaji mzuri kabisa na asiweze kuandika barua ya kurasa mbili. Hapo ndipo mtu wa N2, hata wa N3, anaweza kumpita mwenye N1 ndani ya mwaka: katika yale ambayo mtihani hauyagusi. Kuandika, kuongea, na kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, kwa mkono.

ZAINABU: Haya, sauti. Na hapa Mswahili ana mtaji.

MUSA: Mkubwa. Irabu tano tunazo, na silabi zetu nyingi huishia na irabu kama zao. Hata ile *n* ya Kijapani inayobeba pigo lake peke yake, sisi tunaijua kwa *m* ya "mtu" au "mke". *Kin'en*, marufuku kuvuta sigara, ni mapigo manne: ki-n-e-n. *Kinen*, kumbukumbu, ni matatu: ki-ne-n. Mswahili akielekezwa mara moja anaipata.

ZAINABU: Tatizo letu ni mkazo.

MUSA: Ndilo hasa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tukikaza pale huwa tunairefusha kidogo. Kijapani kinatumia urefu wa irabu kutofautisha maneno. *Obasan* ni shangazi, au mama yeyote wa makamo. *Obaasan* ni bibi. Mswahili akitamka *obasan* kwa mazoea yake, ile *ba* inarefuka, na mama wa miaka arobaini anasikia ameitwa ajuza.

ZAINABU: Na *biru*, jengo, inageuka *biiru*, bia. *Kuki*, shina la mmea, inageuka *kuuki*, hewa. Yote ni kosa moja.

MUSA: Dawa yake ni kuhesabu mapigo kwa vidole, kila pigo likichukua muda sawa. *O-ba-sa-n*, vidole vinne. *O-ba-a-sa-n*, vitano. Halafu jirekodi. Ukiwa na kompyuta, programu ya bure ya Praat inakuwezesha kupima urefu wa kila irabu. Ile ndefu ikaribie mara mbili ya fupi au izidi. Ikiwa zimekaribiana, bado hujatenganisha, hata kama wewe unajisikia umetenganisha.

ZAINABU: Baada ya urefu kuna kidatu, kupanda na kushuka kwa sauti.

MUSA: Ambako vitabu vingi vya mwanzo hupita haraka. Chukua *hashi*. Ikianza juu ikashuka, ni vijiti vya kulia. Ikianza chini ikapanda, halafu *ga* inayofuata (kiambishi cha kuonyesha mtenda) ikashuka, ni daraja. Ikipanda na *ga* ikabaki juu, ni ukingo. Hicho ni Kijapani cha Tokyo. Osaka wana mpangilio wao, kwa hiyo usichanganye watu wawili wa kuiga kutoka sehemu mbili. Na *sakura* huanza chini, hupanda, hubaki juu hadi mwisho. Sisi tunaivunja kwa kukaza *ku*.

ZAINABU: Wakati *u* na *i* zikikaa kati ya sauti zisizo na ghuna, kama *k*, *s*, *t*, karibu zinapotea. *Suki* inasikika kama *s'ki*. *Desu* mwishoni inabaki *des'*. Ukiitamka *u* nzima kwa mkazo, wanaelewa, lakini ugeni unasikika papo hapo.

MUSA: Sasa zoezi lenyewe. Chukua sauti ya sekunde 20 hadi 30, usizidishe, ya mtangazaji wa habari. Sikiliza mara tatu bila maandishi. Kisha andika imla, kila ulichosikia, kwa hiragana. Linganisha na maandishi halisi na uhesabu makosa: irabu ndefu ulizoacha, konsonanti maradufu kama za *kitte*, viambishi *wa* na *ga*. Andika idadi hiyo mahali.

ZAINABU: Watu wanaikwepa imla kwa kuwa inachosha.

MUSA: Inachosha kwa sababu inakuonyesha usichosikia, na usichosikia huwezi kukitamka. Baada ya imla, bandika maandishi kwenye OJAD, kamusi ya vidatu ya mtandaoni iliyotoka Chuo Kikuu cha Tokyo. Ni bure, na itakuchorea mstari wa kupanda na kushuka juu ya sentensi nzima. Ndipo uanze *shadoingu*: sauti inacheza, wewe unaifuata nusu sekunde nyuma. Raundi za kwanza ukiwa na maandishi, kasi asilimia 80. Kisha kasi kamili. Kisha bila maandishi. Mwisho jirekodi na usikilize zote mbili, sentensi kwa sentensi.

ZAINABU: Na zoezi hili huharibika wapi?

MUSA: Kasi, kwanza. Mtangazaji wa habari husoma takriban herufi 300 kwa dakika. Ukilazimisha kasi hiyo mapema, unaanza kumung'unya, na unachozoeza ni kumung'unya. Pili, watu hujirekodi wasisikilize. Tatu, wanataka kurekebisha kila kitu kwa siku moja. Wiki hii tazama urefu tu. Wiki ijayo kidatu.

ZAINABU: Niongeze la nne, wahusika wa katuni. Kijana anachukua *ore*, *omae*, *temee*, yaani "mimi" na "wewe" za kibabe, na sentensi zinazoishia *zo* na *ze*, anazipeleka kwenye usaili wa kazi. Au mwanaume aliyefundishwa na mwanamke anabeba mtindo wake wote wa kumalizia sentensi. Sauti unaweza kuichukua kwa yeyote mwenye matamshi safi. Viwakilishi na mwisho wa sentensi vichukue kwa mtu wa umri wako na nafasi yako.

MUSA: Kweli, na lugha ya uwanjani nayo iko hivyo. Wakimbiaji wa Kenya wamepita shule na kambi za Japani kwa miongo. Samuel Wanjiru alisoma shule ya sekondari ya Sendai Ikuei kabla ya dhahabu ya maratoni ya Beijing 2008. Kambini unapata sikio zuri sana, lakini amri za kocha ni fupi na kavu, hazifai ofisini.

ZAINABU: Tuje kwenye kusoma. Mjapani mtu mzima husoma takriban herufi 400 hadi 600 kwa dakika. Jipime hivi: kitabu kidogo cha *bunko* kina mistari kama 16 kwa ukurasa, nafasi za herufi kama 40 kwa mstari. Soma kurasa tatu kwa saa ya mkononi, kisha funga kitabu ueleze kilichotokea. Kama huwezi kueleza, kasi hiyo haihesabiki.

MUSA: Vitabu vya bure viko Aozora Bunko, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 1997, ya kazi ambazo nyingi haki zake zimekwisha. Ila tazama maelezo ya kila kazi: chagua iliyoandikwa *shinji shinkana*, yaani herufi mpya na tahajia mpya. Ukichukua ya tahajia ya zamani utakutana na *kefu* mahali pa *kyou*, "leo", na utadhani hujui kitu.

ZAINABU: Na kadi za Anki, ile programu ya kukariri kwa marudio?

MUSA: Kumi mpya kwa siku zinatosha. Baada ya wiki kadhaa marudio yatakaribia 80 hadi 100 kila siku. Anayeanza na kadi mpya 30 huzidiwa ndani ya mwezi, anaacha yote. Na kadi iwe sentensi uliyoisoma mwenyewe, yenye neno moja tu usilolijua.

ZAINABU: Mimi nataka tukae kwenye kuandika, kwa sababu ndiko wengi wanaweza kumpita wanayemuiga na hawajaribu. Karatasi ya *genkou youshi* ina miraba 400. Soma tahariri moja ya gazeti, ifunike, andika muhtasari wa herufi 200. Kesho yake fungua tahariri, tazama mwandishi alitumia vitenzi gani mahali pa vyako, kisha andika upya bila kutazama.

MUSA: Makosa utakayoyaona?

ZAINABU: La kwanza, kuchanganya mitindo: sentensi moja *desu* ya adabu, inayofuata *de aru* ya maandishi rasmi. Insha ichague mmoja. La pili ni Kiswahili kilichovaa Kijapani. Mtu anataka kusema ana mafua, anaandika *kaze o motte iru*, kwa kuwa sisi "tuna" mafua. Wao husema *kaze o hiita*, wameyavuta. Kujifunika mwavuli wao husema *kasa o sasu*. Hayo huyapati kwenye sarufi. Yatafute kwenye Shonagon, ukurasa wa bure wa kutafutia katika mkusanyo wa maandishi wenye maneno takriban milioni 100. Andika maneno yako mawili pamoja. Yakitokea mara sifuri au mara mbili, huenda umekosea.

MUSA: Na kanji za mkono?

ZAINABU: Kanken, mtihani wa kanji, daraja la 2. Linahusu kanji zote 2136 za matumizi ya kawaida, na kufaulu ni karibu asilimia 80. Sehemu kubwa unaandika mwenyewe, si kuchagua jibu tu. Wenye N1 wengi hawaliwezi, maana simu imewaandikia miaka yote.

MUSA: Limebaki keigo, lugha ya heshima ya Kijapani. Mswahili anaingia na heshima yake ya shikamoo, ambayo ni nzuri, lakini inafuata umri. Keigo inauliza kwanza nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Mteja akipiga simu kumuulizia bosi wako, kwetu ungesema "Mzee Tanaka ametoka". Pale unamvua hata *san*, neno la heshima baada ya jina: *Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu*, Tanaka hayupo mezani kwa sasa. Umemshusha bosi wako ili kumpandisha mteja, na bosi atakasirika usipofanya hivyo.

ZAINABU: Na *gokurousama*, pole kwa kazi, husemwa na mkubwa kwa mdogo. Kwa bosi sema *otsukaresama desu*. Kwa mteja, ukitaka kusema "nimeelewa", usijibu *ryoukai shimashita*, sema *kashikomarimashita*.

MUSA: Na asijifunze keigo kwa wahudumu wa duka peke yao. Lugha yao ina vipande vya kukariri kama *yoroshikatta deshou ka*, "ilikuwa sawa?", kwa jambo la sasa hivi, ambavyo Wajapani wengi huviona si sahihi.

ZAINABU: Basi utajuaje umempita?

MUSA: Usijihukumu mwenyewe. Kama ni mwenzako na anakubali, sikilizeni taarifa moja ya dakika mbili, kila mmoja aandike muhtasari wa herufi 200 na arekodi wa dakika moja. Majina yafichwe. Mjapani ambaye si mwalimu wenu asome na kusikiliza, aseme upi ameelewa bila kurudia, na wapi alisita. Mwulize alisita wapi kabla ya kumuuliza upi ni bora, maana kwenye swali la ubora adabu itamfanya awasifu nyote.

ZAINABU: Kama unayemuiga hapatikani?

MUSA: Chukua rekodi yake ya wazi, ile aliyozungumza bila kusoma maandishi, na ya mada unayoijua. Hesabu kwa dakika moja: mara ngapi amekatika, mara ngapi irabu ndefu imekuwa fupi, mara ngapi amerudia kitenzi kilekile. Zungumza mada hiyohiyo, ujihesabu vivyo hivyo. Rudia hesabu hiyo kila baada ya wiki nne, kwa mada mpya kila mara, kwa sababu mada ya zamani utakuwa umeshaikariri.