Hundi Yako Imefika Wapi?

Mhadhara kwa waweka hazina wa vikundi na vyama vya akiba, Mombasa

Mama zangu, kaka zangu, hamjambo. Mwenyekiti ameniomba nieleze hundi inavyolipwa, na inavyofuatiliwa ikipotea. Kazi yangu ya benki ilikuwa meza ya hundi, kwa hiyo nitasema ya mezani zaidi kuliko ya vitabuni.

Hundi ni amri. Mwenye akaunti anaiamuru benki yake imlipe fulani kiasi fulani, basi. Benki itatii ikiwa pesa zipo, saini inalingana na ile waliyo nayo, na tarehe haijapita miezi 6. Mpaka amri hiyo itekelezwe, ulichoshika ni karatasi.

Hundi isiyo na ile mistari miwili sambamba usoni unaweza kwenda nayo dirishani, katika benki ya aliyeiandika. Unatoa kitambulisho, keshia analinganisha saini, kiasi kikiwa kikubwa wanampigia simu mwenye akaunti, kisha unahesabiwa noti zako. Ikiwa na mistari, dirishani hupati hata shilingi. Sharti ipite katika akaunti. Wengi huiona mistari hiyo kuwa usumbufu. Mimi nasema kikundi kisitoe hundi hata moja bila mistari. Pesa ikishatoka dirishani imekwenda na upepo, lakini ikiingia katika akaunti, akaunti ina jina, na jina lina kitambulisho.

Sasa toeni hundi mlizo nazo mtazame chini kabisa, pale penye tarakimu za ajabuajabu. Pana namba ya hundi, namba ya benki na tawi, na namba ya akaunti. Kwa namba za benki, 01 ni KCB, 11 ni Co-operative, 68 ni Equity. Wino wake una chembe za chuma ili mashine iusome kwa sumaku, hata mtu akiwa ameandika juu yake kwa kalamu. Kwa hiyo hapo hapapigwi pini, hapakunjwi, na muhuri wa kikundi usifike. Nimeona hundi safi, pesa zipo, ikakwama kwa sababu ya pini.

Zamani makarani walikuwa wakibeba mafurushi ya hundi na kukutana kubadilishana, na hundi ya mji wa mbali ilichelewa siku nyingi. Mwaka 1998 mitambo ikachukua kazi hiyo pale Nairobi, na mwaka 2011 karatasi yenyewe ikaacha kusafiri. Siku hizi benki unakoiweka hundi huipiga picha mbele na nyuma, picha ikaenda kwa benki ya mwandishi, karatasi ikabaki pale ulipoiacha. Ukiwahi saa ya mwisho ya kupokea, jibu kwa kawaida huja siku ya kazi inayofuata. Na tangu Oktoba 2009 hundi haivuki shilingi milioni 1. Kilichozidi hapo hupelekwa moja kwa moja benki kwa benki.

Hapo katikati, kati ya kuweka na jibu, ndipo wezi walipojenga. Mtu anampigia simu mwenye duka la saruji: “Nimeshakuwekea hundi, angalia akaunti.” Mwenye duka anaangalia na kweli salio limepanda. Lori linapakiwa. Kesho yake benki inasema hundi imerudi, akaunti ya mwandishi haina kitu. Yule muuzaji aliona salio la vitabu, lenye hundi ambayo bado haijajibiwa. Hakuuliza salio analoweza kutoa. Hizo ni namba mbili tofauti, na karani atakutajia zote ukimwuliza. Mwenye lori tayari yuko Mariakani.

Tuje kwenye kufuatilia. Tuseme kikundi kimemtumia fundi hundi, na fundi anaapa hajalipwa. Anzia kwenye kishina kilichobaki kitabuni: namba, tarehe, kiasi, jina. Ndiyo maana kishina hujazwa kabla ya hundi yenyewe. Kisha toa taarifa ya akaunti utafute namba ile. Kama haimo, hundi bado inazurura. Iandikieni benki barua ya kusimamisha malipo, yenye saini za watia saini wenu, siku hiyohiyo. Simu peke yake haitoshi. Barua ikipokewa ndipo mwandike nyingine, si kabla.

Kama imo na pesa zimekatwa, iombeni benki yenu picha ya hundi, mbele na nyuma. Watu huomba mbele tu. Nyuma ndiko kwenye saini ya aliyeikabidhi, muhuri wa benki iliyoipokea, na mara nyingi namba ya akaunti iliyoingiziwa. Mkitaka karatasi halisi ili polisi wapime mwandiko, iko kwa benki iliyopokea, kwa hiyo kuibana benki yenu iitoe ni kupoteza muda. Na msimtume fundi kwenda kuuliza. Kwa benki yenu yeye si mteja. Hawataweza kumwambia chochote kuhusu akaunti yenu, na watakuwa sahihi.

Swali la mama pale nyuma: maneno na tarakimu vikitofautiana? Kisheria maneno ndiyo yanayoshinda. Mezani, mama, hundi hiyo itarudishwa tu. Chana, andika nyingine.

La pili, la mzee aliyefariki akiwa ameshaandika hundi ya karo ya mjukuu. Pole sana. Benki ikishapata habari ya kifo, mamlaka yake ya kulipa hundi hiyo yamekwisha, hata kama pesa zipo tele. Familia hukasirika, hudhani benki inawanyanyasa wakati wa matanga. Deni hilo sasa linadaiwa kwenye mirathi.

La mwisho, bwana mwenye hundi ya tarehe ya mbele. Kutoa hundi huku ukijua akaunti haina pesa ni kosa la jinai Kenya: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote. Lakini kifungu hicho kimeiacha nje hundi ya tarehe ya mbele. Aliyekupa hundi ya mwezi ujao anakuwa amekuomba umsubiri. Ikirudi, ichukue pamoja na maelezo ya benki ya kwa nini imekataliwa, umpelekee wakili akuandikie barua ya madai.